Msikiti wa Baba na Sheria ya Kaisari

Mimi nasomesha historia mjini Nizwa, na fani yangu ni sheria za Rumi ya Mashariki: namna Kaisari wa Konstantinopoli alivyoamrisha makanisa yajengwe. Wanafunzi wangu hawashangai. Ndugu zangu ndio wanaoniona nimepotoka. "Binti wa Kiislamu na makanisa wapi na wapi?" Miaka nenda miaka rudi nayasikia, yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Baba alianza kujenga msikiti mdogo kwenye shamba letu la mitende, kwetu Jalan Bani Bu Hassan. Kabla ya jiwe la kwanza aliwaita majirani, wakasali pamoja pale pale vumbini. Akafariki kuta zimefika madirishani. Hata matanga hayajapoa, kaka yangu mkubwa akaja na habari za kuzivunja ajenge nyumba ya kupangisha wageni.

"Hapajaandikwa wakfu," alisema. "Ni mirathi, khalas."

Nikamwambia, na mama yetu anasikia, kwamba Kaisari aliwaamuru Wakristo wake: hakuna kuanza kanisa mpaka askofu aje kwanza, asali mahali hapo mbele ya watu. Na aliyeanza lazima amalize. Akifa, warithi wake walazimishwe kumaliza, wapende wasipende.

Kaka alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Yaani unatutolea sheria za makanisa kwenye msikiti? Astaghfirullah!"

"Nakutolea aibu," nilimjibu. "Wale walijua kuwa nyumba ya Mungu ikishaanzwa si mali ya watoto tena. Wewe hujui?"

"Muachie, mwanangu," mama alisema. "Yeye ndiye mkubwa wenu." Hilo liliniuma kuliko kicheko cha kaka. Nilidhani atakuwa upande wangu.

Asubuhi aliyoleta kaka tingatinga, nilimtangulia shambani. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilitawadha kwenye mfereji wa falaji, nikatandika mkeka katikati ya zile kuta, nikasali. Niliogopa, sisemi uongo, lakini hasira ilizidi hofu. Dereva alizima mashine. Mwislamu hapiti mbele ya mtu anayesali, seuze kumwangushia ukuta. Nikatoa salamu, nikasimama tena. Nikatoa salamu, nikasimama tena. Kaka alikuwa akizunguka nje, mara anasema na simu, mara na dereva, mara peke yake.

Nilipokuwa nimesujudu nikasikia mkeka mwingine unatandikwa ubavuni mwangu. Nilimjua kwa harufu ya udi wake. Mama alinuia, akaanza kusali.

Kaka alisimama mlangoni, pale ambapo mlango ungekuwa, viatu mkononi. "Wallahi, nyie mtasali mpaka lini?"

Nilitoa salamu, nikamtazama usoni.

"Mpaka utie paa," nilisema, nikasimama tena.