Kiroboti changu kilipotea sebuleni, matawi ya shangazi wa Maneromango yakanifungua macho

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenitokea mwenyewe, siyo chai. Anayetaka chai aende kwa mama ntilie.

Mimi ni mwanafunzi mzee. Mchana kazini, jioni nasoma diploma, nakaa Tangini hapa Kibaha. Project ya mwisho nilishafeli mara moja. Nikifeli tena ndiyo basi, miaka mitatu inakwenda na maji.

Project yenyewe: kiroboti cha magurudumu kinachofuata mistari ya selotepu nyeusi sakafuni. Kipite kila njia, kila njia panda, kisha kirudi kilipoanzia. Ramani hakina, na kwa masharti ya supervisor, memory yake ni ndogo mno.

Kikikumbuka njia panda chache tu, kimejaa. Kikijaa, kinazunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu.

Nimeandika code upya mpaka macho yanauma. Mke wangu alifika mahali anaruka tu selotepu za sebuleni bila kuuliza kitu. Wakuu, nilichoka.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Maneromango kwa shangazi kupumzisha kichwa.

Shangazi kumbukumbu zimeanza kumtoka. Siku hiyo aliniuliza mara tatu nimefika lini. Ila shamba anakwenda peke yake na kurudi, na vijia vya kule vinafanana vyote.

Kesho yake, alipokwenda shamba, nikaona nimsaidie. Nikachukua fyekeo nikasafisha njia. Kila njia panda nikakuta tawi bichi limelazwa chini. Nikajua uchafu, nikayatupa yote.

Saa saba hajarudi. Saa tisa kimya. Nikatoka mbio.

Nikamkuta njia panda ya tatu, kakaa chini na mzigo wake wa mihogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kaniondolea matawi yangu?"

Nikamwambia ni mimi. Niliona aibu mpaka leo naisikia.

"Mwanangu, kichwa hakishiki tena. Ninapopita naweka tawi. Kukumbuka linakumbuka tawi, mimi kazi yangu kuangalia tu."

Na mimi nimekulia huko huko! Watu wakienda msibani hulaza tawi njia panda, wa nyuma wasipotee. Nilijua, mjini nikasahau.

Nikabeba ile mihogo, nikarudisha matawi yake moja moja. Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote nalazimisha kiroboti kikumbuke chenyewe, kumbe sakafu ingeweza kukumbuka kwa niaba yake.

Nikakifungia kiroboti kipande cha chaki. Kikiingia njia au kikitoka, kinaweka alama pale njia panda. Njia yenye alama mbili, yaani kimeshaingia na kutoka, hakigusi tena. Basi.

Siku ya kusahihishwa kilikwenda taratibu mpaka wasahihishaji wakapiga miayo. Lakini kilipita kote, kikarudi. Nimefaulu. Supervisor akauliza wazo nimelitoa wapi, nikasema kwa shangazi. Akacheka, akadhani natania.

Nilichojifunza: kabla hujamsafishia mtu njia, muulize. Wenye wazee wanaosahau, au mliowahi kukwama na project, karibuni mseme, nasoma zote.

NB: Nilirudi Maneromango kumpa shangazi habari. Safari hii hakunitambua kabisa, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nilipoaga akanisindikiza hadi njia panda, akavunja tawi, akalilaza kwenye njia yangu.

"Ili ukija tena usinipotee," akasema.