Mtunza Bahasha za Adui

Kaka yangu alinichagua kwa sababu sikujua kusoma. Alilisema hilo mbele ya mke wake, siku ya tatu tangu niingie nyumbani kwao na begi moja la nguo.

"Mdogo wangu, bahasha nitakupa wewe," alisema. "Wifi yako atachungulia. Wewe hata ukichungulia, utaona nini?"

Wifi akacheka. Na mimi nikacheka, maana ukilala kwenye kitanda cha watu unacheka wanapocheka.

Niwaeleze kwanza kaka yangu ni mtu gani. Alikuwa fundi wa injini za ndege kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu na goti bovu na sikio moja zima. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku. Yeye alianza vita. Meza ya kulia chakula aliitandika kitambaa cha buluu, akachora kisiwa katikati, na juu yake akapanga ndege za plastiki alizoziunga mwenyewe kwa gundi na kibano, kila moja kubwa kama kiganja cha mtoto, na pangaboi yake puani. Alizisimamisha kwenye spoku za baiskeli zilizochomekwa kwenye vibao. Kwenye spoku kulikuwa na shanga. Ndege ikipanda anasogeza shanga juu, ikishuka anairudisha chini. Kando ya uwanja wa ndege waliinama askari wadogo kama maharage, na mizinga yao, na lori la mafuta ambalo ningeweza kulimeza.

Mtaani walimwita Jenerali. "Jenerali, wiki hii tunashinda?" Naye anajibu bila kutabasamu, "Tunashikilia." Wifi ndiye aliyekuwa na mdomo: "Wenzangu waume zao wako baa. Wangu yuko nyumbani, ila tunapigwa mabomu kila Jumapili na chakula tunalia jikoni."

Vita vyenyewe vilitokea kweli, zamani, kisiwa kikiwa kimezingirwa na ndege zikija kukipiga kutoka ng'ambo ya maji. Kaka alikuwa analinda kisiwa. Lakini mtu anayepigana peke yake ana tatizo moja: anajua adui anawaza nini, kwa kuwa adui ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana kukawa na bahasha. Kila mwanzo wa mwezi aliandika mipango sita ya adui, kila mmoja kwenye karatasi yake, akaifunga kwa gundi kwenye bahasha zinazofanana, akazichanganya, akanikabidhi. Jumapili baada ya chakula alipanga ndege zake, kisha akaita, "Leta adui." Nilimpelekea bahasha moja. Akishaisoma, aliinuka, akazunguka meza hadi kiti cha upande wa pili, na kutoka huko akaanza kujishambulia kama karatasi ilivyosema, hata kama ilimuumiza.

Na hakudanganya. Hilo nalisema kwa uchungu, lakini ni kweli. Siku moja dadu iliruka mezani ikaegemea mguu wa kiti, inaonyesha sita. Sita ingemwokoa rubani wake. Niliiona mimi, akaiona na yeye, hapakuwa na mtu mwingine. Akasema, "Iliyoegemea haihesabiki," akairusha tena, ikaja mbili. Akafungua daftari lake la marubani akapitisha mstari mwekundu juu ya jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Kufikia wakati ninaousimulia, mistari myekundu ilikuwa kumi na tisa. Sheria yake ilikuwa rubani akirudi salama mara thelathini anapumzishwa, anapelekwa kwao. Katika miezi kumi na mmoja hakuna aliyefika. Ila ndege nambari saba ilikuwa imeruka mara ishirini na tisa. Rubani wake alikuwa kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, na kaka alimpaka rangi uso, hata kope. Mimi huyu ananipita koridoni bila kuniuliza nimelalaje.

Sasa na mimi niseme langu. Nilikuwa na nyumba. Tuliijenga na mume wangu kwa miaka ishirini, na mchango wangu ulitoka kwenye pasi. Mimi ni mpiga pasi wa dobi hadi leo. Siku moja mume wangu akaja na karatasi, akasema ni ya kuungiwa umeme, inataka dole gumba langu. Nilimtazama kaka yangu, ambaye alikuwepo kama ndugu mkubwa. Akasema, "Weka tu, dada." Nikaweka. Miezi minne baadaye nikaambiwa nimetoa haki yangu yote katika nyumba na kiwanja, tena kwa hiari, na mwanamke mwingine akaingia na mapazia yake.

Nilikwenda baraza la ardhi. Wakanisikiliza vizuri, kisha wakasema: mama, karatasi ina shahidi, na shahidi ameandika. Usipoleta kitu cha kuipinga, siku ya shauri hatuna la kukusaidia. Wakanipa nakala na tarehe: Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Walichokuwa hawajui, na kaka hajui, ni kwamba nakala ile niliisoma mwenyewe.

Pale kwa dobi kila nguo inabandikwa kipande cha kitambaa chenye jina la mteja. Mama wa kaunta alichoka nikimuuliza kila saa hii ya nani, hii ya nani. "Kaa hapa," akaniambia, "leo unajifunza A, la sivyo mashati ya watu yataenda kwa maadui zao." Nilianza na vitambaa. Vilipoisha sikuwa na kingine cha kusoma ila bahasha za kaka, na mvuke wa pasi unafungua gundi taratibu kabisa, bila kuchana. Sikuanza kwa ubaya. Mwezi ule wa mwanzo nilisoma tu, kwa kidole, neno moja kwa dakika, nikazifunga tena. Mwezi uliofuata nikaanza kuchagua. Zilipokuja bahasha mbaya nilizibakiza chini, nikampelekea nafuu. Jumapili nne mfululizo nilimpa adui mlegevu, na nambari saba ikarudi nyumbani mara nne.

Kwa hiyo mwandiko wa kaka yangu naujua kuliko uso wake. Na Ijumaa, siku tatu kabla ya shauri, nilipofika chini ya nakala ya baraza, nikaukuta. Alikuwa ameandika: "Mimi kaka yake nimemsomea yote, ameelewa, amekubali."

Niliirudia mara tano nikiwa nimesimama, pasi ikaunguza kola ya mtu.

Mpaka siku hiyo niliamini na yeye alidanganywa. Sasa nilitaka jambo moja tu: aseme kwa mkono wake kwamba hakunisomea. Bila hilo, Jumatatu nyumba ilikuwa imekwenda.

Jumapili ikafika. Zilibaki bahasha mbili mfukoni mwa gauni langu. Ya kulia ilisema: "Mvua. Hawaji. Ndege moja tu ya kupiga picha, juu sana." Ya kushoto ilisema: "Kumi na mbili. Wajifiche kwenye jua. Wasiguse wengine. Wamwendee wa nyuma kabisa." Wa nyuma kabisa alikuwa nambari saba kila siku, kwa kuwa yule ndiye aliyeaminiwa kulinda migongo ya wenzake.

Kaka alipanga ndege nne. Alisogeza shanga. Alifuta miwani mara mbili. Nilijua wasiwasi ule si kwa ajili yangu.

"Leta adui."

"Kaka, nina swali kwanza."

"Baada ya vita, dada."

"Sasa."

Akainua macho. "Haya, uliza."

"Siku ile ya karatasi ya umeme. Ulijua imeandikwa nini?"

Akachukua rula, akapima kutoka uwanjani hadi baharini, kipimo ambacho alishakipima. "Mambo yale yalishapita."

"Hayajapita. Kesho saa tatu niko barazani."

"Shemeji aliniambia ni umeme. Sikuisoma."

"Hukuisoma kabisa?"

"Sikuisoma. Wewe leta bahasha."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na ulikwenda kushoto bila kuniuliza. Niliitoa bahasha. Lakini sikumpa. Niliichana mwenyewe, nikaikunjua karatasi, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Kumi na... mbili. Wa-ji-fiche kwenye jua."

Kwanza aliinuka kuelekea kiti cha adui, kwa mazoea. Alikuwa amefika nusu ya meza ndipo akasimama.

"Wasiguse wengine," niliendelea. "Wamwendee wa nyuma kabisa."

Jikoni wifi aliacha kusugua sufuria.

"Nani amekufundisha?"

"Mashati ya watu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Nilimwona akihesabu. Fundi hana haraka; alitazama bahasha, akatazama ndege, akanitazama mfukoni.

"Hizi Jumapili nne za mwezi huu..."

"Nimekuchagulia mimi."

Akakaa chini. Sijui nilitarajia nini. Aliziba mdomo kwa kiganja, macho yakamjaa maji. Kwa plastiki! Mimi nilipoingia na begi langu alisema tu, "Sufuria ziko rafu ya chini."

"Umeniharibia," alisema. "Kumbe hakuruka. Mara nne hizo hakuruka, alibebwa."

Kisha akafanya kitu ambacho nikikikumbuka hasira inanipanda upya. Alivuta daftari, akafungua ukurasa wa nambari saba, akakata ishirini na tisa, akaandika ishirini na tano. Kwa rula, mstari ulionyooka. Akapuliza wino ukauke.

Wifi alikuwa mlangoni na sabuni mikononi. "Kuna nini tena? Wamelipiga jiko?"

"Umemaliza kusahihisha?" nilimuuliza kaka. "Basi sahihisha na hii."

Nikaweka nakala ya baraza katikati ya bahari. Ndege moja ikaanguka kutoka kwenye spoku yake na hakuiinua. Nikaweka kidole kwenye mstari wa chini nikasoma, na huo niliusoma bila kukwama, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nao siku mbili: "Mimi kaka yake nimemsomea yote, ameelewa, amekubali."

"Mwandiko huu ndio niliojifunzia kusoma," nilisema. "Usiniambie si wako."

Wifi alikuja akainama juu ya karatasi. Alisoma haraka kama wasomavyo waliokwenda shule. Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Mume wangu, ulimsomea?"

Kaka alisogeza shanga moja juu, akaishusha.

"Nakuuliza. Ulimsomea wifi yangu?"

"Shemeji ndiye aliyeniingiza kazini," kaka alisema, akiitazama meza. "Mnasahau. Nilikuwa nabeba mizigo. Miaka thelathini na mmoja nimekula kwa sababu yake. Akaniomba mstari mmoja."

"Kwa hiyo uliisoma," nilisema.

"Niliisoma kimoyomoyo."

"Na ukasema, weka tu, dada."

"Nilidhani mtapatana. Nilidhani ni karatasi ya kutishiana tu, watu wakigombana."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kukipiga teke kile kisiwa chote. Nilikuwa nimekifikiria tangu Ijumaa, hata mguu nilishauchagua. Lakini nilijua nikifanya hivyo atapata cha kunilaumu, na kesho atabaki kitandani na goti lake. Nikavuta kiti cha adui, kile ambacho hakuna aliyekikalia ila yeye, nikakaa.

"Andika," nilisema. "Karatasi unazo, kalamu unayo. Andika kama unavyowaandikia hawa wa plastiki. Na kesho unakuja nayo, unaisema mbele yao."

"Atanichukia."

"Nani? Shemeji yako? Atakuchukia akiwa ndani ya nyumba yangu."

Wifi akasogeza ndege kwa ukingo wa mkono, akapata nafasi ya karatasi. "Andika, mume wangu. Nimechoka kula jikoni na nimechoka na aibu hii, na imeanza dakika mbili tu zilizopita."

Aliandika. Ilichukua muda mrefu kwa maneno machache. Nilisikia kalamu ikikwama na kuendelea. Alipomaliza aliisukuma upande wangu, akaelekeza kalamu mahali pa dole gumba langu, kwa mazoea tu, kisha akaona anachokifanya akairudisha kalamu.

Sikuwa na haraka. Nilianza juu kabisa, kwenye tarehe. Nilisoma kila neno kwa kidole, na wote wawili walinisubiri. Wifi alitaka kunisaidia kwenye neno moja refu, nikamwinulia mkono anyamaze.

"Hapa," nilisema. "Umeandika, 'nilisahau kumsomea.'"

"Ndiyo."

"Hukusahau."

"Dada, maana ni ile ile. Watu wa baraza wataelewa."

"Shahidi akisahau wanamsamehe, karatasi inabaki. Ondoa hilo la kusahau. Andika uliisoma, ukajua, hukunisomea."

Alinitazama. Alikuwa mzee ghafla, miwani imemshuka puani. Nikadhani atakataa.

Akavuta karatasi mpya. Aliandika tena yote tangu tarehe, kwa mwandiko wake ule mdogo uliopangwa sawasawa, na alipofika kwenye neno lile hakusimama. Aliisukuma kwangu bila kunitazama.

Nikaanza tena juu kabisa.