Aliyeunoa Upanga wa Gwaride

Babu alirudi na upanga huo kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika. Nyumbani tuliuita panga tu. Nyanya aliutumia kukatia ng'ombe majani kila jioni, na ukiwa butu aliunoa kwenye jiwe lililokuwa nyuma ya jikoni.

Baba alipofariki ulinifikia mimi. Nikauviringisha kwa leso, nikauleta huku Richfield, Minnesota, ndani ya sanduku. Jumamosi iliyopita, nikiwa off, nika-drive hadi Saint Louis Park kwa mzee Mzungu anayejua silaha za zamani. Aliuangalia mpini, akaangalia maua yaliyochongwa kwenye shaba, kisha ala. Akasema ni upanga wa gwaride wa afisa wa Kijapani. Haukutengenezwa kukata chochote, na kiwandani haukutiwa makali.

"Nani aliyeuharibu hivi?" akauliza.

Nilikasirika. Ng'ombe wetu walishiba kwa uharibifu huo, nami nikakua kwa maziwa yao. Nikanyoosha mkono niuchukue niende zangu, lakini yeye alikuwa bado ameuinamia na lenzi yake, akifuatisha mikwaruzo kwa ukucha.

"Aliyeunoa alikuwa mashoto," akasema.

Nikakaa. Nyanya alikuwa mashoto kweli, nami nilikuwa nimesahau. Miaka yote niliyoishi Minnesota, hakuna mtu aliyewahi kuniambia lolote kumhusu.

Nikamwomba aangalie tena, aniambie na kingine.