Ardhi ya Mapera Mekundu

Mwanangu mkubwa alikata miti ya matunda ya baba yake ili apande maparachichi ya kisasa, yale madogo yenye ngozi ngumu yanayochukuliwa na malori. Alikata parachichi letu la shingo ndefu, akakata mapera mekundu, akakata topetope lililokuwa nyuma ya jiko. Nikamuuliza, "Hayo ya kisasa umeshayaonja?"

"Mama, hayo si ya kula, ni ya kuuza."

Mtu mzima, ana ndevu, anapanda chakula kisichokuwa cha kula. Lakini kibanja, lile shamba la baba yake, ni chake, na katika ukoo wa mume wangu mjane hana neno juu ya kibanja. Sikugombana naye. Niliokota mbegu.

Nilizisia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, na viriba vilipoisha nikakata madumu. Ilitoka miche arobaini na mmoja. Bwana shamba alipita akaniambia mbegu ya parachichi haizai tunda sawasawa na la mama yake. Nikamwambia watoto wangu nao hawakutoka sawasawa na mimi, na sikuwatupa.

Masika yalipoanza mizizi ilikuwa imetoboa viriba. Mzizi ukikosa pa kwenda unajizungusha, na mti unadumaa, baadaye hata uupe mbolea gani hauendi. Kwa hiyo nilitakiwa nipate ardhi yangu mwenyewe, na niipate kabla mvua haijakatika. Fedha nilikuwa nayo, ya kahawa niliyoweka miaka mingi. Nilidhani kazi imekwisha. Sikujua kuwa kazi yenyewe ni watu.

Wa kwanza alikuwa dalali wa Kayanga, simu mbili, viatu vyenye ncha. "Shikamoo bibi. Ardhi? Umefika."

Alinipeleka Ihembe, kwenye mteremko mzuri kweli, udongo mwekundu, migomba ya majirani pande zote. Mpakani palikuwa na mlamula, mmea wetu wa mipaka, umepandwa mstari umenyooka kama mabenchi ya kanisani. Mlamula wa zamani haunyooki hivyo. Nikaushika mmoja nikauvuta. Ulichomoka kama kijiko kwenye uji, hauna hata unyuzi wa mzizi.

"Huu ni wa lini?"

"Wa zamani sana, bibi. Enzi za babu wa mwenye shamba."

"Babu huyo yuko wapi nimsalimie? Maana alama ya kisu chake bado mbichi."

Huku kwetu mlamula haupandwi kimyakimya. Unapandwa majirani wamesimama wanaona, na pombe ya ndizi inanyweka, ili kesho asitokee mtu akasema hakuwepo. Nikamuuliza ni majirani gani waliokunywa siku hiyo.

"Siku hizi watu hawanywi, bibi. Wameokoka."

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya pili akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mama, usijichoshe. Shamba hilo lina kesi baraza la kata, huu mwaka wa tatu."

Dalali akaanza kutazama simu, moja halafu nyingine. Nikamkabidhi ule mti. "Shika mpaka wako," nikamwambia, nikaondoka kwa miguu.

Wa pili alikuwa mzee wa kanisa kule Rugera. Huyo alikuwa na ardhi ya haki na majirani wa haki, nami nilishaipenda. Tulipofika kwenye kuandikishana akaweka kalamu chini. "Ungekuja na mwanao mkubwa, mama. Mambo ya ardhi yanataka mwanamume asimame."

Nimezika mume. Nimezaa sita. Nyumba ninayolala niliisombea mawe mwenyewe. Sasa nimlete mtoto niliyemfundisha kushika kijiko aje ashuhudie kwamba najua ninachotaka, tena huyohuyo aliyekata miti. Nilimuuliza mzee kama naye alipooa alimleta mtu wa kusimama. Watu wa namna hiyo ukiwauliza wanafunga macho kama wanaomba.

Mvua zilikuwa zimeanza kupishana, leo inanyesha, kesho jua. Majani ya chini ya miche yakageuka manjano. Ndipo wifi yangu aliyeolewa Kyerwa akaniambia kuna mama mfugaji anauza sehemu ya mbuga yake. Nilikwenda kwa shingo upande. Tangu utoto nimewadharau watu wa ng'ombe, kwamba hawajui jembe, na sitadanganya kuwa niliacha siku hiyo.

Yeye naye hakunificha lake. Mzee kama mimi, fimbo mkononi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nyinyi wa migomba hamtupendi. Mnapenda mavi yetu."

"Nanyi mnapenda ndizi zetu."

Akanionyesha mahali palipokuwa zizi zamani, kabla hawajahamia upande wa barabara. Nyasi za hapo zilikuwa nyeusi kwa ukijani, zimezipita nyingine, zinafika magotini. Nikachimba kwa mkono, ukaingia mpaka kifundo, udongo laini kama unga.

"Utapanda nini? Hayo madude ya malori?"

"Mapera mekundu. Matopetope. Parachichi la shingo."

Akaichomeka fimbo ardhini. "Pera jekundu nililila mara ya mwisho nikiwa na meno." Kisha akawaita wanawe, akamwita mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili, tukaandikishana siku ileile. Hakuuliza mwanangu yuko wapi.

Nilipanda siku tatu, nikikataa kusaidiwa na mtu asiyejua kuchana kiriba bila kuvunja mzizi. Siku ya nne mvua ikakatika kabisa. Baada ya majuma mawili miche arobaini ilikuwa imetoa majani mapya. Mmoja haukutoa, kwa sababu ndama aliruka uzio akautafuna mpaka chini.

Nikaenda kwa mwenyewe nikiwa nimekasirika. "Ndama wako amekula topetope langu."

"Lote?"

"Lote."

"Basi ni tamu," akasema, akaendelea kukamua.

Nikarudi kuongeza miiba kwenye uzio.