Kengele Kwenye Minyaa

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata pamba vijijini kwa malori yao, ghala la ushirika pale Sapiwi lilibaki tupu. Mbele yake kulikuwa na uwanja uliokanyagwa na wakulima hadi ukawa mgumu kama sakafu. Wanawake wakauchukua kuchezea mpira wa pete. Si wasichana, bali wanawake wenye wajukuu, mama yangu akiwemo.

Mama alikuwa na presha, na magoti yake yalikataa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Nesi wa zahanati alimwambia dawa peke yake hazitoshi, atafute kitu cha kumtoa jasho na kumchekesha. Jembe lilimtoa jasho maisha yake yote, ila sikumbuki lilimchekesha lini. Mpira ulimchekesha. Pete yenyewe ilikuwa ringi ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo. Mama akawekwa ulinzi, maana alikuwa mrefu na mkorofi. Msimu wa kuuza pamba ulipofika alikuwa anainuka mwenyewe, analala usingizi mzima, na kunigombeza kwa sauti niliyodhani imeshamwisha. Nilifurahi hata kugombezwa.

Kisha mume wangu akaharibu. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja hupisha vichakani. Siku hiyo alikuwa anasukuma baiskeli yenye furushi la pamba kwenda kwa mnunuzi. Akakata kona kwenye ua wa minyaa kando ya uwanja, na mama yuko hewani, mikono juu, amevaa kaptula ya kaka yangu. Mpira ukaingia kwenye pete. Mama akaingia ghalani, akagoma kutoka mpaka nimletee kanga mbili.

"Yaya, mwanangu," alisema, yaani hapana. "Mpira basi. Mkwe ameniona mapaja."

Akarudi kwenye kigoda. Kabla mvua hazijaanza nilikuwa namshika tena mkono kumwinua, na niliogopa kwelikweli. Mume wangu aliona haya hata chakula kikamshinda. Njia nyingine ya kwenda kuuza pamba hakuwa nayo, kwa kuwa upande wa pili ni mto, na mila ilimzuia kwenda kumwomba radhi mwenyewe. Akanituma mimi kwa mama, ambaye yeye alimwita mayu.

"Mwambie mayu, nikifika kwenye minyaa nitapiga kengele na kusubiri. Nisipoitwa, sipiti."

Mama alinisikiliza huku anachambua mboga, akachambua mpaka zikaisha.

"Maji nimeshayavulia nguo," akasema. "Acha niyaoge."

Tangu hapo kengele ikilia, mpira unasimama. Wenzake wanamzunguka na kanga zao, mmoja anaita, "Pita, baba!" na mume wangu anapita huku ametazama mtoni, shingo imempinda kama mwenye jipu. Wageni wa kijiji cha pili walilalamika kwamba mkwe huyo ni mchezaji wetu wa nane, mbona anatokea kila tunapochoka? Walisema kweli. Mama alikuwa anatumia nafasi hiyo kupumua.

Jioni, tukichambua pamba, nilikuwa namsimulia mume wangu kila mpira mama alioudaka, naye anakwenda kuwasimulia wenzake kana kwamba alikuwepo. Nazikumbuka jioni zile mpaka roho inauma.

Mama alicheza mpaka nywele zikaisha weusi. Kifo kilimkuta amesimama, anapepeta mtama, hakuna aliyemshika mkono.

Tulipotoka kuzika, mume wangu alinipakia kwenye baiskeli kurudi nyumbani. Uwanja ulikuwa mtupu. Alipofika kwenye minyaa akafunga breki, akapiga kengele, akasubiri. Nikadhani atasubiri kidogo tu kwa heshima, kumbe alikuwa anangoja kuitwa.

"Pita, baba," nikamwambia.

Akageuzia uso wake mtoni, tukapita.