Picha ya Baba Asiye na Picha

Ninapiga picha Walukuba, Jinja, katika chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Watu huja wakitaka waonekane vingine, nami nawasaidia. Juzi mke wa askari magereza alitaka awe mrefu kuliko mumewe. Nikamsimamisha juu ya kreti ya soda, nikashusha taa, mambo yakaisha. Sioni aibu hata kidogo. Hadithi yoyote unayotaka, taa ikikaa mahali pake inaisimulia.

Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Mbale kusema anataka picha ya baba, kazi yenyewe haikunitisha. Kilichoniudhi ni kwamba amengoja mpaka macho yameanza kufifia. Ana presha ya macho, na daktari hakumficha: anachokiona leo, mwakani huenda asikione. Alitaka amwone mumewe mara moja kabla ya hapo.

Baba alikuwa mwanajeshi. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, askari wa utawala mpya walikuja kumchukua nyumbani, asirudi tena, mimi nikiwa bado tumboni. Mama akazitia picha zake zote kwenye makaa ya sigiri, kwa sababu kukutwa na picha ya mtu mwenye magwanda kulitosha kukuponza. Majirani walifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wengi wetu, watoto wa askari wa zamani, hatuzijui sura za baba zetu.

Kaka yangu mkubwa anatengeneza bodaboda Namakwekwe, hukohuko Mbale, na wazee husema yeye na baba ni chapa moja. Nikaamua akae mahali pa baba. Akanitania kwamba kama baba naye alinuka grisi, basi kazi imeshakwisha. Nikamwambia aache upuuzi, avae koti.

Picha yenyewe nilikuwa nimeitunga kichwani tangu ndani ya basi la kwenda Mbale. Mama angekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Kaka angesimama mlangoni, jua la alasiri likiwa mgongoni, uso gizani, ili kila atakayeitazama aone mume anarudi nyumbani. Nilijiona fundi kwelikweli. Nikawapanga, nikapiga magoti na kamera, nikapiga moja ya kujaribu mwanga, kisha nikamwambia mama ainue uso.

Mama akainua uso, akautazama mlango. Ungo ukamteleza mapajani, mchele ukamwagika sakafuni. Nilidhani jua linamuumiza macho, nikamwambia kwa ukali kidogo avumilie, mwanga ule hautatungoja. Hakunisikia. Alikuwa akisema na kaka yangu, mtoto wake wa kumzaa.

"Afande," alisema, "tafadhali, toka mlangoni."

Kaka aliingia ndani haraka, akavua koti, akamshika mikono. Mama alimpapasa usoni mpaka akamjua. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba yako hakuwahi kusimama hivyo. Aliyesimama hivyo ni yule aliyekuja kumchukua. Jua lilikuwa nyuma yake, sura yake sikuiona. Tangu siku ile, kila nikimtafuta baba yako, naletewa huyo. Nilitaka uniondolee huyo kabla macho hayajafunga."

Nilijichukia. Kazi yangu ni kuuliza mtu anataka kuona nini, na mama yangu sikumuuliza. Nikafuta ile picha mbele yake. Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikamkalisha kaka karibu na dirisha, nikarudisha mwanga usoni mwake mpaka hakikubaki kivuli hata chini ya kidevu. Nilipiga hadi jua likatuacha.

Mama aliichukua kamera, akaisogeza karibu na pua, akaigeuza geuza kutafuta upande ambao jicho bado linaona. Alitazama sana. Wallahi, niliomba kimoyomoyo kama mtoto.

"Huyu ni mwanangu," alisema, akanirudishia kamera. "Mwandalie chakula, ameshinda na njaa."