Mapazia ya Makambako

Enzi zetu, nyumba haikuwa nyumba mpaka mikono ya wenyewe iwe imepita kila ukuta. Nawaambia ninyi mliokua na redio za betri na sweta za kurithishana, maana ninyi mtanielewa. Vijana wakisikia haya wanatazamana tu, wanasema bibi kaanza.

Sisi tulitokea Makambako. Baba alikuwa seremala wa mapaa, mama alikuwa fundi cherehani barazani, na mimi Tumaini na mdogo wangu Aidani tulikuwa watoto wa mjini haswa. Tulilala kwa honi za malori na kuamka kwa mlio wa treni. Makambako nako kuna baridi na upepo wake, lakini tulikuwa na chumba chenye dirisha kubwa, na kwenye dirisha hilo mama alikuwa ametundika mapazia ya maua mekundu aliyoyashona mwenyewe, marefu mpaka chini. Majirani walikuwa wakija kuyashika.

Kisha baba akaanguka kutoka juu ya paa, nyonga ikavunjika. Alilazwa hospitali ya misheni muda mrefu, akatoka na fimbo, na mtu wa fimbo hapandi paa. Chumba cha kupanga nacho hakimsubiri mgonjwa apone. Ndipo shangazi Ester, dada yake baba, alipotuita mlimani, huko juu Njombe ukishika njia ya Ludewa, kwenye shamba la ukoo.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa banda la kukaushia pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Babu alikuwa amelijenga kwa matofali mabichi, akaacha matundu mengi juu ya kuta ili hewa ipite. Ndani mlikuwa na vichanja vyeusi kwa moshi, kidirisha kimoja cha kutosha kichwa cha mtoto, na harufu ya maua makavu iliyoingia hadi kwenye ugali. Tulipata faida moja tu: kunguni na viroboto hawakuthubutu kuisogelea nyumba ile.

Mama alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Tumekuja kupumzika. Mguu wa baba yenu ukipata nguvu tunarudi."

Basi sanduku la bati lenye mapazia, vitambaa vya kufuma na vikombe vya wageni likabaki limefungwa. Hakupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda. Siku moja shangazi alipanda kilima na ndoo ya udongo mweupe kichwani, ametoka kuuchimba mtoni.

"Kamwene, wifi!" akaita. "Nimeleta udongo tupake ukuta huu. Unatisha watoto."

"Kamwene, wifi. Asante sana," mama akajibu. "Uweke tu hapo nje."

Ukawekwa nje. Mvua ikaunyeshea, jua likaukausha, ukapasuka kama kisigino cha mkulima.

Sisi watoto hatukuwa na habari. Mlima ulikuwa wetu. Tulikalia debe lililopondwa tukateleza nalo kwenye majani yenye umande, tukafika chini suruali na magauni yakiwa yametoboka. Tulichoma viazi kwenye jivu tukavila na maganda yake, tukala mapichi mabichi mpaka matumbo yakalia. Asubuhi za Juni, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikiwa imetanda nyasi zote, tulikwenda shule peku. Ng'ombe wa jirani akiinuka, tulikuwa tunakimbilia pale alipolala, tunasimama hapo kupasha miguu joto huku tukisukumana. Leo mjukuu wangu ana soksi za kulalia, na bado anasema Njombe haikaliki.

Juni hiyohiyo ndiyo iliyoleta maneno. Upepo uliingia kwenye matundu ya babu, Aidani akaanza kukohoa, kikohozi kizito cha kifua. Baba akaketi kwenye kigoda, akachonga vipande vya mbao, akawa ananipa mimi nipande juu ya vichanja niyazibe matundu.

"Unaziba nyumba ya nani?" mama akamuuliza.

"Ya wanangu wanaokohoa."

Kesho yake mama aliikunja kanga kichwani, akajitwisha cherehani yake, akasema anakwenda Makambako kukitazama chumba chetu. Baba aliegemea fimbo mlangoni. "Safiri salama, Mama Tuma," akasema, basi. Nilimtazama mama akishuka kilima na cherehani ile mpaka kona ya msitu wa misindano ikammeza.

Mtu huenda kutazama chumba na cherehani? Hata mimi, na udogo wangu, niliona kuna jambo. Nikamuuliza baba kama mama atarudi. Baba aliendelea kupiga randa, maranda yakimwangukia miguuni, kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Leta ubao mwingine." Hakunidanganya, na kwa hilo nimempenda maisha yangu yote.

Aliyoyakuta Makambako mama alinisimulia baadaye sana, tukimenya viazi, mimi nikiwa tayari na watoto wangu. Alifika mlangoni kwetu akakuta dirisha letu lina pazia jingine, la kijani. Akatoka mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, uso wa ukarimu. "Karibu mgeni," akamwambia, akamvutia kiti, akamletea chai. "Angenifukuza ningepata nguvu ya kugombana," mama alisema. "Lakini aliniita mgeni, tena kwa upendo, mlangoni kwangu. Nikanywa chai yake nikamshukuru."

Alirudi kesho yake mchana, akipanda kilima polepole, cherehani kichwani. Aidani alitimua mbio akamkumbatia miguu, nusura amwangushe. Mama alitua mzigo, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati. Mapazia yakatoka yakinuka dawa ya nondo na Makambako. Akayapima kwenye kile kidirisha, yakafika chini na kubaki mengine. Akachukua mkasi.

"Mama Tuma," baba akasema, "ukiyakata hayatafaa tena kule."

"Ndiyo maana nayakata."

Mkasi ukaingia kwenye maua mekundu. Naisikia sauti ile hadi leo. Baba aligeuza uso ukutani, mabega yakatikisika, nami nikadhani mguu unamuuma.

Basi ikawa sherehe. Baba alitoboa dirisha la pili, upande jua linakochomozea, akalitengenezea fremu akiwa ameketi. Shangazi alileta udongo mpya, mweupe na mwekundu, safari hii akiwa na kundi la wanawake na nyimbo zao za Kibena. Mama akawachemshia viazi debe zima, wazee wakaletewa pombe ya ulanzi. Tulisiriba kuta kwa viganja, mwekundu chini, mweupe juu, na katikati mkanda mweusi wa masizi ambao shangazi aliuchora kwa kidole bila kupinda. Sisi watoto tulipewa sakafu. Samadi ya ng'ombe ilitufika viwikoni, Aidani akaipaka hadi masikioni. Vipande vya mapazia vilivyobaki mama alivigeuza foronya na kitambaa cha meza. Vichanja vya pareto vikawa rafu za vikombe. Kwenye kopo la maziwa nikaweka mayungiyungi kutoka mtoni, na mama akayasogeza kidogo kushoto. Nikajua amekubali.

Tulikaa humo miaka yote ya utoto. Mguu wa baba haukupona, lakini milango mingi ya kijiji kile ilipitia mikononi mwake. Mama aliwashonea sare watoto wa shule nzima, akazeeka akipaka kuta zake kila baada ya masika. Wote wawili wamelala pale juu sasa, na nyumba anakaa Aidani.

Mimi nipo hapa Mjimwema, Njombe mjini, kwenye nyumba ya vigae aliyonijengea mwanangu. Siwalaumu watoto wetu, wanatutunza. Mwaka huu mjukuu aliniletea simu nichague rangi ya sebule. Rangi zilikuwa nyingi kuliko maua ya bonde zima, kila moja na jina lake. Nikaonyesha moja kwa kidole, mafundi wakaitwa. Jumapili tukaenda ibadani, tukaimba, tukasalimiana na watu. Tuliporudi nyumba ilikuwa imekwisha, imepakwa, imefagiliwa, mapazia yamening'inia kwenye vyuma vinavyong'aa.

"Bibi, umeionaje?" mjukuu akauliza.

"Nzuri, mwanangu. Nzuri sana."

Na ni nzuri kweli. Nikaketi kwenye kochi, nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa safi, haina hata tone la rangi.